Siku uliyokosa ndiyo inayopima nidhamu

Siku hizi mtu akitaka kuonyesha kwamba amebadilika, haonyeshi kazi aliyoifanya, anaonyesha namba. Siku 100 za mazoezi bila kukosa. Siku 365 za kujifunza lugha kwenye simu. Siku ya 42 ya kuamka alfajiri, picha ya saa ikiwa imeambatanishwa, na chini yake pongezi zinamiminika. Programu za simu zimeing'amua nguvu ya namba hiyo na kuifanya moyo wa biashara yao. Duolingo inakuwekea alama ya moto inayowaka maadamu unaingia kila siku, Snapchat inakuhesabia siku ambazo wewe na rafiki yako hamjaacha kutumiana picha, na ukichelewa usiku simu inakubembeleza usije ukaupoteza mfululizo wako. Wapo waliokaza kamba zaidi ya hapo. Changamoto ya 75 Hard, iliyoanzishwa na Mmarekani Andy Frisella mwaka 2019 na kusambaa mitandaoni, inamtaka mtu arudie mambo yaleyale kwa siku 75: mazoezi mara mbili kwa siku, dakika 45 kila mara, kusoma kurasa 10, kunywa maji karibu lita nne, kufuata mpango wa chakula bila tone la pombe, na kujipiga picha. Ukisahau jambo moja, hata kama ni hiyo picha tu, hata kama ni siku ya 74, unarudi siku ya kwanza.

Wengi wanaiona hali hii kuwa habari njema: watu wamechoka na maneno ya hamasa, sasa wanahesabu vitendo. Nakubali kwamba kuhesabu vitendo ni bora kuliko kuhesabu ndoto. Lakini nadhani tumekosea tunapodhani kwamba namba hiyo ni kipimo cha nidhamu. Mfululizo wa siku unapima utulivu wa maisha na bahati ya kutougua angalau kwa kiasi kilekile unachopima msimamo wa mtu. Kile kinachomjenga mtu kwa miaka, yaani uwezo wa kuirudia shughuli yake baada ya kuikosa, hakionekani kabisa kwenye hesabu hiyo. Na kwa jinsi hesabu yenyewe ilivyoundwa, mara nyingi ndiyo inayouua uwezo huo.

Tuanze na chimbuko la imani kwamba mazoea yana tarehe ya kukamilika. Siku 21 ambazo karibu kila mhamasishaji anazitaja zinatokana na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya wanayoiona kwenye kioo, na kwamba muda kama huo hupita kabla mtu aliyekatwa mguu hajaacha kuhisi kana kwamba mguu bado upo. Daktari huyo alikuwa akizungumzia kukubaliana na jambo ambalo limeshatokea mwilini. Hakuwa akizungumzia mtu anayejitwisha kazi mpya kila asubuhi. Maneno yalipokuwa yakipokezanwa, "angalau" likadondoka njiani, "kama" nalo likadondoka, ikabaki amri yenye siku zake kamili.

Waliokuja kupima jambo lenyewe walikuta picha nyingine. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walichukua watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi, akatakiwa alifanye mara moja kwa siku baada ya tukio lilelile, mathalani baada ya kifungua kinywa, kwa siku 84, huku akijibu kila siku kama amelifanya na kama limekuja lenyewe bila kulifikiria. Mtu wa katikati alikadiriwa kuhitaji siku 66. Wa haraka kuliko wote alihitaji 18. Kwa aliyechelewa kuliko wote makadirio yalifika siku 254, maana yake utafiti ulimalizika yeye akiwa bado njiani. Kwa bahati mbaya 66 nayo imeshaanza kuabudiwa kama ilivyoabudiwa 21, wakati ujumbe wa matokeo hayo ni kwamba hakuna namba moja ya watu wote. Na kuna jambo jingine walilolikuta ambalo halipati nafasi kwenye mabango ya hamasa: kukosa siku moja hakukuathiri ujenzi wa mazoea kwa kiasi cha maana. Mchoro wa mazoea hupanda haraka siku za mwanzo, kisha hupanda polepole hadi unatulia, na siku iliyorukwa haiuangushi hadi chini. Hakuna mahali kwenye mchoro huo ambapo mtu anarudi sifuri. Sifuri ni ya programu ya simu, haimo ndani ya mwili wa mtu.

Kiswahili chenyewe, kwa maoni yangu, kililijua hili mapema. Kitenzi "kuzoea" hakiamrishiki kirahisi. Hakuna anayemwambia mwenzake "zoea sasa hivi" akaeleweka. Tunasema "utazoea", kwa wakati ujao, bila tarehe. Mtu hazoei kwa kutaka. Anazoea kwa kurudia, na siku moja anagundua kwamba alishazoea bila kujua ni lini.

Sasa niwape haki yao wanaotetea mfululizo, kwa sababu hoja yao bora si nyepesi. William James, mmoja wa waasisi wa saikolojia Marekani, alifundisha mwaka 1890 kwamba anayejenga tabia mpya asiruhusu hata kosa moja mpaka tabia hiyo iwe imeota mizizi. Alifananisha kuteleza mara moja na mtu anayezungushia uzi kwenye donge, kisha donge likamponyoka: mizunguko inayofumuka kwa kuanguka mara moja ni mingi kuliko ile ambayo mkono utaweza kuirudisha haraka. Hoja hii ina uzito. Sheria isiyo na mlango wa nyuma inakuondolea kazi ya kuamua. Anayeandika kila siku hajiulizi asubuhi kama leo ni siku ya kuandika, na kujiuliza huko ndiko wengi wanakopotelea. Tena wiki za mwanzo, kabla matunda hayajaonekana, namba inayopanda ndilo tunda pekee ulilonalo mkononi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachelewa kujaa, na binadamu anahitaji kitu cha kutazama wakati anasubiri.

Kuna eneo ambalo sina ugomvi kabisa na kuhesabu siku, nalo ni la mtu anayeacha kitu kilichomteka mwili, kama pombe au sigara. Kwake kuteleza mara moja kuna hatari ambayo haimpati aliyekosa kusoma kurasa 10. Hata hivyo, na huko pia, mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyetumia miaka mingi kuchunguza watu wanaorudia ulevi, alionyesha kwamba kinachogeuza tone moja kuwa anguko zima ni, kwa sehemu kubwa, maelezo ambayo mtu anajipa baada ya kuteleza. Anayesema "nimeshindwa, mimi ndivyo nilivyo" yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayesema "nilikaa na watu wale, saa ile, nikiwa na njaa na hasira". Hili tutalirudia.

Tatizo la kwanza la mfululizo ni hesabu yenyewe. Chukua watu wawili. Wa kwanza amefanya mazoezi siku 60 mfululizo, akachoka, akaacha moja kwa moja. Wa pili amefanya mazoezi siku tano kila wiki mwaka mzima, na mbili akapumzika au akashindwa kwa sababu zake. Mwisho wa mwaka, huyu wa pili ana siku 260, lakini mfululizo wake mrefu kuliko wote ni siku tano. Kwenye jedwali la programu, aliyeacha ndiye bingwa na aliyebaki hata hatajwi. Kipimo kinachoweza kumpa taji mtu aliyekwisha kuacha hakitufai kupimia uthabiti, hata kama ni kitamu kukitazama.

Tatizo la pili nililiona kwangu mwenyewe. Niliwahi kuandika kila siku kwa siku 143, nikiweka alama kwenye programu ya simu. Nikiangalia nyuma, kuanzia kama siku ya 90 nilishaacha kuandika kwa maana yoyote ya neno hilo. Nakumbuka usiku mmoja, saa sita kasoro dakika chache, nimekaa ukingoni mwa kitanda taa imezimwa, nikachapa "Leo nimechoka sana", nikabonyeza alama ya tiki, nikalala. Mfululizo ulikuwa hai, uandishi umekufa. Kisha nikaugua homa siku mbili. Siku ya tatu nilipofungua simu nilikuta 0 kubwa katikati ya kioo, pale ilipokuwa 143. Sikuandika tena kwa miezi mitano. Kwa hesabu ya kawaida nilikuwa nimeandika siku 143 kati ya 145, zaidi ya asilimia 98. Mwanafunzi mwenye alama hizo hawezi kuambiwa arudie darasa.

Tabia hii ya kutupa kila kitu baada ya kosa dogo imechunguzwa. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike maziwa mazito yenye sukari, kisha wakawaachia aiskrimu kwa kisingizio cha kuonja na kulinganisha ladha. Wasiokuwa na masharti ya kula walifanya kama tungetarajia: waliokunywa maziwa kwanza walikula aiskrimu kidogo, maana walishashiba. Waliokuwa wakijibana kwa masharti walifanya kinyume. Wakishakunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi zaidi, kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika machoni pao. Herman na mwenzake Janet Polivy waliendelea kulichunguza jambo hilo kwa miaka, na sisi tuna jina lake tayari: liwalo na liwe. Mwanzo wa hali hiyo ni mstari mkali kati ya kamili na bure, na mstari huo ndio mfululizo unaouchora. Hesabu ya mfululizo inafuata methali ya maji yakimwagika hayazoleki. Wahunzi walikuwa na methali yao, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwa kazi inayodumu miaka nadhani wao ndio walioijua vizuri zaidi.

Sitaki kuishia hapo, kwa sababu kuacha baada ya 0 kunaweza kuonekana kama udhaifu wa moyo tu, wakati kuna mantiki ndani yake. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester waliurudia mtihani maarufu wa mtoto na peremende laini: ukivumilia usiile hii moja, utapata mbili. Kabla ya mtihani, watoto 28 waligawanywa makundi mawili. Mtafiti aliwaahidi rangi nzuri zaidi za kuchorea, kisha stika nzuri zaidi. Kundi moja aliwatimizia. Kundi la pili alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba hazipo. Watoto walioahidiwa wakapewa walisubiri peremende ya pili kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika tatu. Kwa miongo mingi tulikuwa tukiuita uvumilivu wa mtoto nguvu ya ndani, kumbe kwa sehemu kubwa mtoto alikuwa anapiga hesabu ya kama mtu huyu mzima anaaminika. Mtu mzima aliyeona siku 143 zikifutwa kwa homa ya siku mbili naye amepata somo: akiba ya juhudi hapa haina ulinzi. Akikataa kuanza upya si lazima awe mvivu. Amevunjiwa ahadi, anafanya walichofanya watoto wale.

Hoja dhaifu kuliko zote za upande wa pili, na ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, ni ile isemayo kwamba anayekosa siku hana nia ya kweli. "Ukitaka utapata muda, usipotaka utapata sababu." Inapendeza masikioni, lakini inadhani kwamba wenye nidhamu ni watu wanaopigana na vishawishi kwa nguvu kuliko wengine. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake waliwafuatilia watu wazima 205 nchini Ujerumani kwa wiki nzima, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku wana tamaa gani wakati huo na kama wanapambana nayo. Waliojulikana kwa kujitawala sana ndio walioripoti mapambano machache. Maisha yao yalikuwa yamepangika kiasi kwamba vita vyenyewe havikuwafikia mara nyingi. Hata wazo kwamba nia ni kama betri inayoisha chaji, lililojengwa juu ya jaribio la Roy Baumeister na wenzake la mwaka 1998, lilipojaribiwa upya mwaka 2016 na maabara 23 kwa watu zaidi ya 2,000, athari yake ilikaribia kutoonekana. Wendy Wood, aliyefanya kazi ya miongo kuhusu mazoea, alikuta wanafunzi waliohamia chuo kingine wakidumisha mazoea yao ya zamani, kama ya kufanya mazoezi, pale mazingira mapya yalipofanana na ya zamani. Pasipofanana, mazoea yalitegemea tena nia ya mtu. Mazoea yameshikizwa kwenye mlango, meza, saa na watu wanaokuzunguka. Ukivitoa hivyo, mtu ni yuleyule, nia ni ileile, na mazoea hayapo.

Ndiyo maana mfululizo mrefu ni rahisi kwa mwenye ratiba isiyotikisika. Muuguzi wa zamu ambaye wiki hii analala mchana na wiki ijayo usiku, mama mwenye mtoto mchanga, kijana anayehudumia mgonjwa nyumbani: hawa wote watakosa siku, na wakijipima kwa 0 na 100 watajihesabu dhaifu mbele ya mtu ambaye ugumu wake mkubwa ni kuisikia kengele ya saa. Sisemi ratiba ngumu inahalalisha kila kitu. Nasema kipimo kisichoweza kutofautisha uvivu na zamu ya usiku hakina haki ya kuitwa kipimo cha tabia.

Iko hoja ya kati, nayo inastahili jibu la maana: ukiruhusu kukosa, utazoea kukosa. Ni kweli, na simwambii mtu alegeze kamba. Ninachosema ni kwamba ukali uhamishwe mahali. Badala ya kuwa mkali kwenye kutokosa, jambo ambalo nusu yake haliko mikononi mwako, uwe mkali kwenye kurudi, ambako kwa sehemu kubwa kuko mikononi mwako. Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kundi kubwa la watafiti walichapisha mwaka 2021 jaribio lililohusisha wanachama zaidi ya 61,000 wa kumbi za mazoezi Marekani. Walishindanisha programu 54 za wiki nne, kila moja na mbinu yake ya kumvuta mtu aje mazoezini. Iliyoongoza ilitoa zawadi ya ziada yenye thamani ya senti chache tu kwa mtu aliyerudi baada ya kukosa siku aliyoipanga. Haikumtuza asiyekosa. Ilimtuza anayerudi. Ni haki kuongeza kwamba wiki nne zilipoisha, ni asilimia 8 tu ya programu zote zilizoacha mabadiliko yaliyoweza kupimika, kwa hiyo hakuna dawa ya miujiza hapa. Hata hivyo, kwamba kati ya mbinu 54 iliyokaa juu ni ile iliyoigusa siku baada ya kukosa, ni jambo la kutufikirisha tunaopenda sana kupongeza siku ya 100.

Hapa ndipo mtazamo unapoingia, na nadhani ndipo mahali pake hasa. Nadharia ya Carol Dweck wa Stanford, kwamba anayeamini uwezo unakua hufanya vizuri kuliko anayeamini uwezo umeumbwa na kukamilika, imeuzwa kana kwamba ukibadilisha mawazo tu maisha yanafuata. Ushahidi ni wa kiasi zaidi. Jaribio kubwa la Marekani lililoongozwa na David Yeager na kuchapishwa mwaka 2019, likihusisha wanafunzi wapatao 12,000, liliwapa wanafunzi mafunzo ya chini ya saa moja kuhusu uwezo unaokua. Wenye alama za chini walipanda kwa takriban 0.1 ya pointi kwenye wastani wa alama zao, ambao kikomo chake ni pointi nne, na faida ilijitokeza zaidi kwenye shule ambazo wenzao waliona kujitwisha masomo magumu ni jambo la kawaida. Kidogo, lakini si bure, kwa saa moja. Kwa jinsi ninavyosoma matokeo hayo, mtazamo haubebi kazi. Unaamua unaisomaje siku uliyoanguka. Kati ya aliyesema "ndivyo nilivyo" na aliyesema "nilikaa na watu wale, saa ile", hakuna aliyefanya kazi zaidi ya mwenzake hadi wakati huo. Tofauti yao itaonekana kesho asubuhi. Na mtazamo huo haudumu hewani: kama kila kinachokuzunguka, kuanzia simu hadi kundi la marafiki, kinakusomea siku iliyokosekana kuwa ni kufeli, utahitaji moyo wa chuma kuisoma vingine.

Malengo nayo. Edwin Locke na Gary Latham wameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba lengo mahususi na gumu huzaa kazi bora kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Hilo limesimama imara. (Hadithi ya wahitimu wa Yale wa mwaka 1953, ambao eti asilimia 3 walioandika malengo yao walikuja kuwa matajiri kuliko wengine wote kwa pamoja, haijasimama. Utafiti huo haukuwahi kufanyika, na chuo chenyewe kimesema hivyo. Ukiisikia semina ijayo, cheka kimoyomoyo.) Kinachosahaulika ni kwamba Latham na wenzake walikuta pia kuwa kwa kazi mpya na changamano, ambapo mtu bado hajui njia, lengo la kujifunza linafaa kuliko lengo la kufikisha namba. Kujijenga upya ni kazi ya aina hiyo hasa. Peter Gollwitzer naye alionyesha kwamba mpango ulioandikwa kwa sura ya "likitokea hili, nitafanya lile" unasaidia sana. Mapitio aliyoyafanya na Paschal Sheeran mwaka 2006 yalijumlisha majaribio 94. Watu wengi hutumia mpango wa namna hiyo kwa kuanzia tu: nikimaliza kunywa chai, nitasoma. Karibu hakuna anayeandika mpango wa kurudi. Wangu sasa unasema: siku ya kwanza nitakayoweza kukaa mezani baada ya kukosa, nitaandika mistari mitatu kabla ya kushika simu. Hautaji tarehe, kwa hiyo homa haiwezi kuuvunja. Ile kanuni inayopendwa siku hizi, ya kutokosa siku mbili mfululizo, ni bora kuliko 75 Hard lakini ina ugonjwa uleule, maana siku ya pili ya homa nayo inafika.

Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18 anayetajwa kila mahali kama babu wa kujihesabu kila siku, alikuwa na daftari dogo lenye maadili 13, akilishughulikia moja kwa wiki, ili mzunguko wa wiki 13 uweze kurudiwa mara nne kwa mwaka. Wanaomtaja husahau alichokuwa akiandika humo. Hakuweka tiki za ushindi. Aliweka nukta nyeusi kila alipokosea, na mzunguko ulipoisha alizikwangua ili aanze upya kwenye karatasi ileile. Alikwangua mara nyingi mpaka karatasi zikatoboka, ikambidi ahamie kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu, mistari ikiwa imechorwa kwa wino mwekundu usiofutika, na makosa akiyaandika kwa penseli ambayo sifongo yenye maji iliweza kuifuta. Mistari ilibaki, makosa yalifutika. Uzeeni alikiri kwamba utaratibu wa kupanga vitu ulimshinda hadi mwisho na kwamba ukamilifu hakuufikia, ila alikuwa mtu bora na mwenye furaha zaidi kuliko ambavyo angekuwa bila kujaribu. Daftari lililotoboka kwa kufutwa ni ushahidi mzuri wa uthabiti kuliko safu yoyote ya tiki niliyowahi kuiona, na hakuna programu ya simu ambayo ingempa taji.

Kama haya ni kweli, basi yapo ya kubadilisha, na mengi si ya mtu mmoja mmoja. Anayeendesha kundi la mazoezi au la usomaji kwenye simu, lile linalomwondoa mtu akikosa siku tatu, angefanya kinyume: siku ya tatu ndiyo siku ya kumtumia ujumbe. Mwalimu anayetoa zawadi kwa asiyekosa darasa hata siku moja angefikiria ya pili, kwa mtoto aliyeugua wiki mbili, akarudi na kuziba pengo. Watengenezaji wa programu wanajua sana kwamba 0 inafukuza watu. Ndiyo maana wengine wanatoa, au hata kuuza, kinga ya kuulinda mfululizo siku ukikosa. Wangeweza kuonyesha namba nyingine bila gharama: siku ulizofanya kati ya siku zote tangu uanze, na wastani wa siku unazochukua kurudi. Hawafanyi hivyo, na nadhani sababu ni kwamba namba hizo hazimtii mtu hofu saa sita kasoro usiku.

Kwangu nimerudi kwenye daftari la karatasi. Lina safu mbili: tarehe niliyoandika, na idadi ya siku tangu mara ya mwisho. Safu ya pili ndiyo ninayoitazama. Mwaka jana pengo refu lilikuwa siku 19, na baada yake nikaandika mistari mitatu mibovu kuhusu paa linalovuja. Mwaka huu, hadi ninapoandika haya, refu kuliko yote ni siku tisa.